Saruji Niliyoipiga Nyumba ya Bi Mwanaidi

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya masika nikichimba kifusi kwa mikono pale Malindi ya Unguja, na kila jiwe nililoliinua nililijua. Nililijua kwa sababu upande wake mmoja ulikuwa na plasta yangu. Mvua ilikuwa ikinyesha, watu wanapiga kelele, na mimi nayaokota mawe niliyoyapamba mwenyewe nikiyatupa pembeni, nikimtafuta mtu aliyekuwa chini yake.

Sikukusudia kukuhadithia habari hii. Nimeinyamazia miaka mingi, na hata mke wangu, ambaye hana asilolijua katika nyumba yetu, aliisikia nusu. Lakini juzi nilipita kichochoro cha nyuma ya bandari nikakuona wewe na mafundi wenzako mmepanga mifuko ya saruji kwenye baraza ya nyumba ya zamani, mnachekeshana. Mkaniamkia kwa adabu, nikaitikia marahaba, nikapita.  Usiku nikamwambia mke wangu kuwa nitakwandikia, akasema, andika, maana wewe ukianza kusema huachi. Basi soma polepole, na ukifika pahala ukanichukia, endelea kusoma.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, fundi mwashi wa pili chini ya Fundi Mcha. Huyu alikuwa mtu wa Makunduchi aliyekuja mjini kijana na kuzeekea katika kuta za watu. Mfupi, mkavu, hana maneno. Alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha sisi vijana: akiingia katika nyumba ya kazi, kwanza aliubandika mkono ukutani akanyamaza, ndipo akamwamkia mwenye nyumba. Tulikuwa tukisema kwa siri kwamba Fundi Mcha anauamkia ukuta kwanza kwa kuwa ndio mkubwa wake kwa umri.

Chokaa yake ilitoka shamba, mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Akiileta mjini aliitia maji, ikachemka, kisha akailaza shimoni na kuifunika. Ililala miezi. Sisi tulikuwa tukimuuliza, fundi, bado? Alikuwa akiichota kwa mwiko, anaupindua mwiko juu chini, na chokaa ikidondoka analifunika shimo na kwenda zake bila ya neno. Siku inaponata kwenye mwiko isidondoke, siku hiyo ndiyo tulianza kazi. Mimi niliona huo ni ushamba. Dunia inakimbia, nikisema, na sisi tunangoja matope yashibe usingizi.

Tukapata kazi ya nyumba ya Bi Mwanaidi. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, si mbali na bandari, ya babu zake, kuta zake nene za mawe na chokaa, dari zake za boriti za mikoko ambazo vichwa vyake vimeingia ukutani huku na huku. Plasta ya upande wa baharini ilikuwa imeanza kubanduka. Bi Mwanaidi alikuwa mjane na aliishi na bintiye mmoja tu, Rukia, ambaye alikuwa ameshaposwa. Yule mama hakuwahi kutuacha tuondoke na njaa. Saa saba ikifika alikuwa akitupigia hodi katika kazi yetu wenyewe, sahani ya wali mkononi, na mimi alinijua napenda ukoko, basi aliniwekea. Nakueleza haya ili ujue nilimkosea nani.

Fundi Mcha alibandua plasta yote iliyochoka, akaziba nyufa, akazibadilisha boriti mbili. Ilibaki kupiga plasta mpya. Ndipo ikaja habari kutoka Makunduchi kuwa mama yake hawezi, na yeye ndiye mtoto pekee aliye hai. Siku ya kuondoka alinipeleka kwenye shimo, akaupindua mwiko, chokaa ikadondoka.

"Bado," akaniambia. "Usiiguse mpaka nrudi."

"Na arusi ya Rukia, fundi? Ni Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha, na si mbali."

"Arusi ifanywe na kuta tupu. Ukuta mtupu una aibu gani?"

Akaenda zake. Zikapita wiki, kisha mwezi, na mama yake haponi wala hafi. Bi Mwanaidi akaanza kuhangaika. Siku moja alikaa kwenye ngazi na upawa wake mkononi akaniambia, "Khamis, mwanangu, wageni wa mume watakuja nyumba iko uchi hivi? Watasema nimemuoza mwanangu gofuni."

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza, tungoje. La pili ndilo lililonitoka. "Usiwe na wasiwasi, Bi Mwanaidi. Nipe siku kumi."

Sikufanya vile kwa kumhurumia, nisikudanganye. Nilitaka jina. Nilitaka watu waseme Khamis amemaliza kazi ambayo Fundi Mcha ameshindwa kuimaliza. Nikatafuta saruji, nikaipiga nyumba ile nje na ndani, juu mpaka chini, isipokuwa ukuta wa uani ambao saruji iliniishia kabla sijaufikia, nikaupaka chokaa nyepesi juu ya plasta yake ya zamani ili ufanane na wenzake. Kuta zikawa laini kama sahani. Arusi ikapigwa, taarab ikaimbwa, wageni wa mume wakazishika kuta na kusifu. Bi Mwanaidi alinishika kichwa mbele ya watu akaniombea dua. Kichwa chenyewe kilikuwa kimeshavimba.

Fundi Mcha alirudi baada ya kumzika mama yake. Nilimpa pole, akaitika, tukaenda pamoja Malindi. Aliubandika mkono ukutani kama desturi yake, na safari hii hakuutoa haraka. Akaukwaruza kwa ukucha. Ukucha ukateleza.

"Umetia nini?"

"Saruji, fundi."

"Pote?"

"Pote. Ila uani."

Akakaa barazani. Nilidhani atanitukana, na nilikuwa nimeshajiandaa. Badala yake akanieleza taratibu, kama mtu anayemfunza mtoto kutawadha. "Ukuta huu una udongo na chokaa ndani, na unakunywa maji tokea siku uliyojengwa. Unayanywa chini, unayanywa mvua ikinyesha, na jua likiwaka unayatoa. Chokaa inayaachia yapite. Wewe ushauziba. Sasa yaliyomo ndani yatatokea wapi?"

"Lakini saruji haipitishi maji, fundi. Ndo uzuri wake."

"Ndo ubaya wake. Yatazitafuta boriti. Vichwa vyake vimo mumo humo ukutani." Akasimama. "Tuivunje. Tuanze leo, mimi ntakusaidia, na sitomwambia mtu kuwa ulikosea."

Mwanangu, hebu rudia kulisoma hilo. Mkubwa wangu wa kazi, ana msiba wa siku chache, alijitolea kunisaidia kuvunja kosa langu na kulificha. Na pale barazani walikuwapo mafundi wenzangu wawili wanasikiliza. Nikaona nikikubali nitachekwa. Nikamjibu, "Fundi, zama zenu zishapita."

Aliingia ndani. Alimwita Bi Mwanaidi akamweleza yote kwa kinywa chake, kisha akachukua nyundo na mwiko wake akaondoka. Bi Mwanaidi akaniuliza kama ni kweli. Nikamwambia mzee ana kijicho, kazi yake imefanywa na mwanafunzi. Yule mama akazitazama zile kuta nzuri, akanitazama mimi niliyekuwa nikila chakula chake, akaniamini.

Baada ya hapo mambo yangu yakaninyookea. Nilipata kazi mtaa wa Mlandege, nikapata kazi Malindi kwengine, na kila pahala niliitwa fundi, si Khamis tena. Masika ya pili Bi Mwanaidi akaniita. Mchanga unamdondokea kitandani kutoka darini, akasema, kila asubuhi anafagia. Nikapanda, nikagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, ukalia imara. Bila shaka utalia imara, saruji ndiyo iliyokuwa ikilia. Nikamwambia ni panya.

Mwaka uliofuata akaniita tena. Chini ya ukuta wa baharini kumetoka chumvi nyeupe na plasta imevimba. Hapo nilijua. Nakwambia kweli, nilijua. Nilipoitoboa ile plasta kwa patasi, ulitoka udongo mbichi, maji tupu, na harufu ya kuoza. Nikaiweka patasi chini. Kisha nikasikia sauti yake jikoni akiniuliza nataka chai ya maziwa au ya rangi. Nikasema ya rangi, nikalijaza lile tundu saruji mpya, nikalisawazisha. Mpaka leo sipendi chai ya rangi.

Mara ya tatu hakuja yeye. Rukia, aliyekuwa ameshahamia kwa mumewe Ng'ambo ya mji, alinifuata kazini Mlandege, mtoto mgongoni. Mimi niko juu ya ngazi.

"Fundi Khamis, mama kanituma. Anasema boriti inalia, hasa mvua ikikatika. Anaogopa kulala. Nimchukue kwangu?"

Ningeshuka, mwanangu. Ilikuwa vipandio sita au saba. Lakini nikishuka nitakwenda, nikienda nitaona, nikiona nitalazimika kusema. Nikamjibu kutoka juu, "Mwambie mama alale. Nyumba ile ni nzima, haina kitu. Ntakuja kuitazama baada ya Ijumaa."

Ijumaa ile ikapita, ikaja nyengine. Sikwenda.

Ilianguka asubuhi, baada ya sala ya alfajiri. Wapakizi waliokuwa wakielekea bandarini walisikia kishindo wakadhani ni mzigo umekatika kamba. Nilipofika, ukuta wote wa baharini haupo, dari ya juu imelala juu ya ya chini, na upande wa uani umesimama mzima na dirisha lake na pazia lake. Nikaanza kuchimba. Watu waliniambia nisubiri, patakuja kuporomoka tena, sikuwasikia. Baada ya muda nikamwona mtu anachimba ubavuni pangu, mikono mikavu, kimya. Alikuwa Fundi Mcha. Sijui nani alimpelekea habari.

Tulimpata karibu na adhuhuri. Bado alikuwa amejitanda kanga yake ya kusalia. Sitakueleza zaidi.

Walipokwisha kumtoa, Fundi Mcha aliniita pembeni. Alikuwa na vipande viwili vya boriti. Akanipa cha kwanza, kichwa kilichokuwa ukuta wa baharini. Nilipokiminya kikavunjika mkononi kama mkate uliolowa, maji yakanitiririka mpaka kwenye kiwiko. Akanipa cha pili, cha ukuta wa uani. Kilikuwa kigumu, kikavu, kucha haziingii.

"Mti mmoja huu," akasema. "Siku moja umetiwa. Huu umeoza kwa mkono wako."

Nikalia. Akaniachia nilie mpaka nikamaliza, kisha akasema jambo ambalo nimelibeba kuliko yale mawe. "Leo watakuja watu kusema nyumba ilikuwa kongwe. Watasema siku yake imefika. Wewe usiwaitikie. Nenda ukamwambie Rukia."

"Ntakwenda, fundi."

Na kweli walisema. Matangani kila mtu alisema nyumba kongwe hizi, hatari tupu, bora zibomolewe. Wengine walinipa mkono wa pole mimi, kwa kuwa nilikuwa kama mtoto wa nyumba ile. Nami nikaupokea, mwanangu. Nikaitikia. Rukia alikuwa ndani kwa wanawake, na kila nilipotaka kumwita nilijipa udhuru. Nikasema kisomo cha hitima kipite. Hitima ikapita, nikasema arubaini ipite.

Fundi Mcha alikuwa akiniuliza kila tulipokutana. "Ushamwambia?" Nikamjibu bado. Kama alivyokuwa akilifunika shimo lake, ndivyo alivyokuwa akigeuka na kwenda zake. Kisha akaacha kuniuliza. Hapo ndipo nilipoumia, maana nilielewa ameshanikatia tamaa. Aliponifunza kazi aliniita mwanangu, na mpaka anakufa hakuniita hivyo tena. Nililibeba jeneza lake Makunduchi, nikamtia mchanga, na Rukia alikuwa bado hajui kitu.

Ikapita miaka mingi. Niliacha saruji katika nyumba za zamani. Nikarudi kwenye shimo, nikajifunza upya peke yangu yale niliyoyadharau, na vijana wakaanza kunicheka kama nilivyomcheka Fundi Mcha. Nikajidanganya kuwa kila ukuta ninaoupiga chokaa nzuri unanipunguzia. Haukunipunguzia kitu. Mwaka jana tu, ndevu zote nyeupe, nikapiga moyo konde nikaenda Ng'ambo kwa Rukia. Sasa ni bibi wa watu, ana wajukuu. Alifurahi kuniona. Akawaambia wajukuu wake waniamkie, huyu ni fundi wa nyanya yenu mkubwa.

Nikawaomba watoto watoke. Nikamweleza yote tokea shimo la chokaa mpaka ile harufu niliyoizibia saruji. Sikujitetea. Alikuwa akisikiliza na mikono yake mapajani, na nilipomaliza hakupiga kelele wala hakunilaani. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana. Ningeipokea kwa mikono miwili.

"Siku ile ulikuwa juu ya ngazi," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nshatandika kitanda cha mama kwangu. Ukanambia nyumba ni nzima. Nikenda nikamwambia, mama, fundi kasema lala, usitusumbue. Hivyo hivyo. Usitusumbue." Akanitazama usoni. "Miaka yote hii nnajua mimi ndiye nliyemuua mama. Sijamwambia hata mume wangu. Kila mvua ikinyesha, nnaamka nnakaa. Na wewe ulikuwa hapo hapo mjini unajua?"

Nikafungua mdomo kuomba radhi, akanikata.

"Ulikuwa unajua, Khamis?"

"Nilikuwa nnajua."

"Nenda," akaniambia. "Nenda sasa hivi, kabla sijawaita wanangu."

Nikaenda. Sikusamehewa, na sisemi kuwa ninastahili. Nilidhani miaka yote ile nimebeba mzigo wangu peke yangu, kumbe nilikuwa nimeuweka juu ya kichwa cha mtoto wa yule mama, nami nikatembea mikono mitupu. Ukuta wangu ulimuua mtu mmoja. Kimya changu kilikuwa kikimla wa pili kila masika, na huyo ningeweza kumwokoa kwa matembezi ya robo saa.

Sasa nasaha yangu, na usiitafutie njia ya kuipinda. Ile mifuko ya saruji iliyo barazani, iondoe. Saruji ina kazi zake, jengea nyumba mpya ukitaka, lakini usiipeleke kwenye ukuta wa mawe na chokaa hata kama mwenye nyumba anakulilia, hata kama kuna arusi, hata kama kuna wageni wa hoteli wanaokuja keshokutwa. Chokaa iache ilale mpaka inate. Mwenye nyumba akikasirika, akasirike yuko hai. Ukiona umekosea, vunja siku hiyo hiyo, nao wanaokucheka barazani wacheke, maana mimi wale wawili hata majina yao nimeyasahau. Mtu anayelala chini ya kazi yako akikwambia anaogopa, shuka ngazi uende naye, usimtulize ukiwa juu. Na likitokea la kutokea, nenda ukaseme mwenyewe, mapema, kabla ya hitima, kabla hujazoea kupewa pole.

Mwenyezi Mungu akupe mkono wenye subira na macho yasiyoogopa kutazama ndani ya ukuta. Akulinde na jina linalokuja haraka. Akuepushe na kosa kama langu, na kama kosa limeshafika, asikunyime ulimi wa kulisema. Na kama yuko mtu unayepaswa kumwambia jambo, Mungu akupe miguu ya kwenda leo, na amweke hai mpaka ufike.